Makaa Yasiyo na Moshi

Dada yangu alikuwa fundi wa nguo Migori mjini. Alipanga chumba kimoja katika ploti iliyo nyuma ya soko, na chumba hicho mchana kilikuwa duka, jioni kikawa nyumba. Cherehani ilikaa mlangoni ili ipate mwanga. Ndani, nyuma ya pazia, kulikuwa na kitanda, godoro la wageni lililosimamishwa ukutani, na magunia ya vitambaa. Majirani walimwita Fundi, hata watoto wadogo. Mimi na mama ndio tuliomwita kwa jina lake, na siku hizi jina hilo silitamki mbele za watu.

Ni yeye aliyenifanya nikasoma. Baba alipofariki dada alikuwa kidato cha pili, nami bado nilikuwa shule ya msingi kwetu, upande wa Sori. Hakuna aliyemwambia aache shule. Muhula ulipofunguliwa hakutoa sare yake sandukuni, basi. Akaanza kwenda kwa mama mmoja aliyekuwa na cherehani, akajifunza kukata na kushona, na baadaye akahamia Migori. Mimi nikaendelea mpaka sekondari, chuo kikuu, kisha nikaajiriwa kufundisha kemia na biolojia katika shule ya wasichana karibu na Homa Bay.

Likizo zangu za sekondari nilizimaliza kando ya cherehani yake. Alitaka nisome kwa sauti. Alisema mlio wa mashine peke yake unamchosha. Basi nilisoma, naye akashona, na mara kwa mara aliinua mguu kutoka kwenye pedeli na kuniuliza nilichosoma kina maana gani. Wakati mwingine nilijua. Mara nyingi sikujua, nikasoma tena polepole, na kwa kumweleza yeye nikaelewa mwenyewe.

Nakumbuka nilivyokwama kwenye hesabu za vitendanishi. Kitabu kilisema kwamba vitu viwili vikikutana na kugeuka kuwa kitu cha tatu, kimoja huisha kwanza, na hicho kilichoisha kwanza ndicho huamua kitapatikana kiasi gani. Nilikuwa nikizidisha na kugawanya bila kujua natafuta nini. Dada alikuwa na mashati ya shule mbele yake. Nikachukua vifungo kwenye kopo, nikavipanga mezani, nikamwambia tuseme kitambaa kipo cha mashati mengi lakini vifungo ni hivi tu. Utapata mashati mangapi?

"Yale ya kutosha vifungo," alisema. "Kitambaa kingine kitabaki kimekaa."

"Ndiyo hivyo. Vifungo ndivyo vinaamua."

Alifikiri kidogo, akacheka. "Basi kwangu si vifungo. Kwangu ni stima."

Na ilikuwa kweli. Umeme wa Migori ulikuwa ukipotea kila mvua ikinyesha sana, na cherehani yake alikuwa ameshaifunga mota. Stima ikienda, alirudi kwenye pedeli. Kwa kupiga pasi alikuwa na pasi ya makaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo mbele. Jiko la kuwashia makaa hayo lilikaa barazani, nje ya mlango, chini ya mabati yaliyojitokeza. Miaka yote niliyomtembelea sikuwahi kuliona jiko lile mahali pengine.

Mwaka juzi, mvua za masika zilianza mapema, zikaja na upepo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Dada alikuwa amepewa kazi ya kushona sketi za shule moja ya huko, sketi za marinda, na mtu yeyote aliyewahi kuvaa sketi ya marinda anajua kwamba bila pasi haiwezi kuitwa sketi. Mama naye alikuwa amekuja kutoka nyumbani kwa ajili ya kliniki ya macho siku iliyofuata. Jioni dada alinipigia simu. Tuliongea kuhusu mama, kwamba amekula vizuri, kwamba amelalamika omena, dagaa wa ziwani, ya Migori mjini ina mchanga na hailingani na ya kwetu. Nilisikia mvua kwenye mabati nyuma ya sauti yake, ikabidi arudie maneno. Stima imeenda, alisema. Nikamwambia apumzike. Akasema amebakisha sketi chache. Mama akachukua simu akaniombea, kama afanyavyo kila mara, maombi marefu, mpaka salio la dada likaisha katikati.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, vipande vipande, mengine kutoka kwa jirani, mengine kutoka kwenye chumba chenyewe. Upepo ulikuwa ukirusha mvua mpaka barazani, jiko likawa linataka kuzimika. Dada akaliingiza ndani. Maji yalikuwa yakipita chini ya mlango, akakunja mabaki ya vitambaa akaziba. Dirisha lilikuwa limefungwa. Makaa yalikuwa yameshaiva, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Hilo nataka nilieleze, kwa sababu watu wengi waliniuliza alifikiri nini. Alifikiri kile ambacho karibu kila mtu kwetu hufikiri: hatari ya jiko ni moshi, na makaa yakishakuwa mekundu moshi umekwisha. Alisubiri yaive kule nje kwenye upepo, akilinda kwa sufuria. Alikuwa mwangalifu.

Asubuhi jirani aliyekuwa akimuuzia maziwa alibisha, hakujibiwa. Akabisha tena, akaita watu, wakavunja komeo. Dada alikuwa chini kati ya meza ya pasi na kitanda. Mama alikuwa kwenye godoro, karibu na mlango. Wote wawili walikuwa wakipumua.

Jirani huyo ndiye aliyenipigia. Nilikuwa shuleni, nikitoka kusahihisha mitihani ya muhula uliokwisha. Aliniambia nije Migori, mama na dada wamelala hospitalini, kisha akaongeza kwamba nisiogope, wanaonekana wazima tu, ni kama wamelala usingizi. Akasema midomo yao ni myekundu vizuri.

Aliposema midomo myekundu nilijua. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi za ofisi ya walimu. Kila mwaka nafundisha kidato cha pili mchoro wa jiko. Ni mchoro unaopenda kutokea kwenye mtihani, kwa hiyo wanafunzi huukariri. Chini, hewa inaingia kwa wingi na makaa yanatoa kaboni dioksidi. Katikati, gesi hiyo inapita kwenye makaa ya moto na kugeuka kuwa kaboni monoksidi. Juu, ikikutana na hewa nyingine, inaungua kwa mwali wa bluu na kuwa kaboni dioksidi tena. Nawaambia: haya yote yanategemea hewa. Jiko likiwa nje, makaa ndiyo yanayoisha kwanza. Jiko likiwa ndani ya chumba kilichofungwa, makaa ni mengi, na kinachopungua ni hewa. Na hewa ikipungua makaa hayazimiki kwa adabu. Yanaendelea kuungua nusunusu, na gesi ya katikati inatoka juu kama ilivyo, bila mwali, haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kisha nawaambia alama zake, kichwa kuuma, miguu kulegea, usingizi, na midomo yenye rangi nzuri.

Nilifika Migori kabla ya saa sita. Walikuwa wamewekwa vitanda jirani, kila mmoja na kinyago cha oksijeni. Daktari aliyekuwa zamu alikuwa kijana, mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Kidoleni mwa dada kulikuwa na kile kifaa kidogo cha kupima hewa kwenye damu, na namba iliyoonekana ilikuwa nzuri, namba ya mtu mzima wa afya. Jirani alinionyesha kwa furaha. Akasema ona, mashine inasema yuko sawa.

Nilimtazama daktari. Alitikisa kichwa kidogo sana, ili jirani asione.

Tulitoka kwenye korido. Aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. Akasema basi hatanizungusha. Kile kifaa hakiwezi kutofautisha. Kinaona damu nyekundu, kinahesabu ni oksijeni, kumbe nafasi zimekaliwa na gesi nyingine. Nilijua hivyo, lakini nilimwacha aseme, maana nilitaka kusikia sauti ya mtu. Alisema wanachofanya ni kuwapa oksijeni tupu, nyingi kadiri wawezavyo, ili iisukume gesi hiyo nje.

"Inaachia," nilisema. "Haijashika milele."

"Inaachia, mwalimu. Polepole. Swali ni ubongo umekaa bila hewa muda gani."

Nilirudi nikakaa kati ya vitanda viwili. Kuna mada ya kidato cha nne ambayo wasichana wangu huiona ngumu kuliko zote. Ni ile ya mabadiliko yanayokwenda mbele na kurudi nyuma kwa wakati mmoja, mpaka yafike pale ambapo kwa macho huoni kinachotendeka, unadhani kila kitu kimesimama. Tunaita msawazo. Nimewaambia mara nyingi kwamba hakuna kilichosimama. Ukiongeza kitu upande mmoja, unausukuma upande wa pili, mpaka msawazo mpya upatikane. Damu hufanya hivyo siku nzima ndani yetu. Kwenye mapafu hewa ni nyingi, damu inashika oksijeni. Kwenye misuli hewa ni kidogo, damu inaiachia. Kaboni monoksidi inaingia mahali palepale pa oksijeni na kushika kwa nguvu zaidi, mara nyingi mno zaidi, kwa hiyo kiasi kidogo tu kinatosha kujaza nafasi zote. Lakini hata yenyewe inaachia. Ukileta oksijeni ya kutosha, inasukumwa nje, chembe moja moja.

Basi nilikaa nikiangalia mfuko wa kinyago ukivimba na kunywea, nikisukuma pamoja nao. Sijui niseme vipi. Niliomba, lakini maombi yangu yalikuwa hayo tu: achia, achia. Nilishika mkono wa dada. Kwenye ncha ya kidole cha shahada kulikuwa na vidoti vya sindano, vya miaka mingi, na chini ya ukucha uzi wa samawati wa sketi.

Mama alifungua macho jioni. Alitaja jina la mama yake mwenyewe, akalala tena. Dada hakufungua. Siku iliyofuata, mchana, watu wa wodi wakiwa wanagawa chai, kifua chake kilipanda, kikashuka, nikasubiri kipande tena, hakikupanda. Namba kwenye kifaa ilikuwa ingali nzuri kabla ya hapo. Daktari alinishika bega, akasema pole, mwalimu, na nilipomtazama niliona kwamba yeye pia alikuwa akikitazama kile kifaa kwa chuki.

Mazishi yalikuwa nyumbani, na hata hayo hayakuwa mepesi. Dada aliwahi kuolewa upande wa Rongo, ndoa ikashindikana, akarudi bila mtoto. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, alisema desturi inataka binti kama huyo alazwe nje ya ua. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa, kama wazee wengi wanavyoogopa kuanzisha jambo. Mzee wa kanisa alizungumza naye, wakaenda na kurudi. Mwishowe nilisimama mbele ya wanaume wale, nikiwa nimejifunga leso kiunoni, nikasema kwamba yeye ndiye aliyelipia mabati ya nyumba zote mbili za boma hili, kwa hiyo atalala mahali ambapo mama atamwona akiwa mlangoni. Baba mdogo akaita vijana waje na majembe, akawaonyesha mahali, ndani ya ua.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kati ya wanawake. Alikuwa ameruhusiwa kutoka hospitalini asubuhi hiyo. Alinivuta nguo nilipopita, akaniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kidholuo, ni nani aliyefariki.

Nilidhani ni dawa. Nilimweleza, akalia kama mama anavyolia. Kabla jeneza halijashushwa aliniuliza tena.

Na kwenye mazishi yale nilimsikia mwanamke mmoja nyuma ya tenti akimwambia mwenzake kwamba ndugu wa marehemu ni mwalimu wa kemia, mambo haya haya ndiyo anayofundisha. Hakujua nimesimama hapo. Nilikwenda kusaidia kuosha masufuria.

Nilimchukua mama Homa Bay, kwenye nyumba yangu ya walimu. Wiki za kwanza alikuwa akipata nafuu. Alitembea, akala, akaanza hata kunikosoa ninavyopika mboga. Halafu, nilipoanza kutulia, akarudi nyuma. Hatua zake zikawa fupi, kama mtu anayeogopa sakafu. Alisahau jina la mji. Alisimama mbele ya mlango wa choo bila kujua alitaka nini. Nilimpeleka hospitali, wakaniambia gesi ile wakati mwingine hufanya hivyo: mtu huonekana amepona, kisha ubongo unaonyesha madhara baadaye. Wengi hupata nafuu tena baada ya miezi, walisema, lakini si wote, na hakuna dawa ya kuharakisha.

Kila asubuhi alikaa kitandani akaniuliza, "Ere nyara?" Binti yangu yuko wapi. Alikuwa akimaanisha dada. Mimi alidhani ni mtu wa kanisani aliyekuja kumsaidia, alinishukuru sana.

Mwanzoni nilimwambia ukweli. Niliona ni haki yake. Nilikaa karibu naye nikamwambia dada amefariki, tumemzika nyumbani, ulikuwepo. Na kila asubuhi alipata habari hiyo upya. Uso ulimvunjika vilevile, mikono ikaenda kichwani vilevile, na mimi nikawa ndiye ninayeleta msiba ule nyumbani kila siku mpya, kisha naenda darasani na chaki mkononi. Ilipofika saa nne, nikirudi wakati wa mapumziko, amesahau kisa cha kulia lakini macho bado yamevimba, na ananiuliza ni nini kimemfanya ajisikie vibaya hivyo.

Mama mmoja jirani, mke wa mwalimu mwenzangu, ambaye ndiye alikaa naye nilipokuwa kazini, aliniambia siku moja tukiwa tunaanua nguo. "Mwalimu, unamuua kidogo kidogo. Mwambie yuko Migori anashona."

Nilikataa. Kesho yake nikamwambia hivyo.

"Yuko Migori, mama. Anashona."

"Kazi ni nyingi?"

"Ni nyingi. Shule zinafunguliwa."

Aliridhika. Alikunywa uji wote. Nami nikaendelea hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na sitaki kusema ilikuwa vigumu, kwa sababu jambo lililoniumiza ni kwamba ilikuwa rahisi. Kwa dakika chache kila siku dada alikuwa Migori. Nilianza kuongeza maneno. Nilisema amepata oda ya mapazia. Nilisema anasalimia.

Darasani nilifika kwenye mada ya msawazo. Niliifundisha kama kawaida, kwa Kiingereza, na nilipoona macho yamepotea nikageuka kwenye Kiswahili. Msichana mmoja wa kiti cha mbele aliinua mkono. Aliuliza, ikiwa mabadiliko yanaweza kurudi nyuma, kwa nini mtu aliyekufa kwa sumu ya jiko asirudishwe kwa kuongezewa hewa nyingi. Darasa lote liligeuka kumtazama, maana shule nzima ilijua habari zangu, na nikaona kwenye uso wake kwamba ameshakumbuka, anatamani ardhi immeze.

Nilimwambia swali ni zuri. Nilisema gesi kwenye damu inarudi nyuma, ndiyo, lakini mwili una mambo mengine ambayo yakienda hayarudi. Seli za ubongo zikikosa hewa kwa muda zinakufa, na huo si msawazo, huo ni mwisho. Ndiyo maana kinachopimwa hospitalini si damu peke yake, ni muda. Niliandika ubaoni mishale miwili, mmoja unaokwenda na mwingine unaorudi, kisha chini yake mshale mmoja. Nikawapa zoezi, nikatoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa maabara upande wa ziwa mpaka kengele ikalia.

Mvua zilikuja nyingine, za vuli. Mama alianza kubadilika, lakini kwa namna ambayo sikuiona haraka, kwa sababu nilikuwa nimezoea kutotarajia. Alianza kuniita kwa jina langu. Alikunja blanketi. Siku moja aliniuliza mbona nimekonda. Alipouliza kuhusu dada nilimjibu lile jibu letu, na niliona ananitazama muda mrefu kuliko kawaida, lakini akanywa uji.

Kisha ikaja Jumapili moja. Nilikuwa nimemkalisha barazani, tukichambua njugu zilizoletwa kutoka nyumbani. Kulikuwa na jua. Nikamwambia, bila hata kuulizwa, kwamba dada amesema atakuja mwisho wa mwezi.

Mama aliweka ungo chini.

"Usiniambie tena yuko Migori," alisema. "Najua aliko. Nilimsikia akianguka."

Aliendelea kuangalia njugu.

Alisema alikuwa kwenye godoro, kichwa kinamgonga, akidhani ni presha. Alimsikia dada akisema, mama, nasikia kizunguzungu. Halafu akasikia pasi ikigonga meza na mtu akianguka. Alitaka kuamka. Alijiambia amka. Aliona mlango, ulikuwa karibu kabisa, na aliona miguu yake, na miguu ikakataa. Alimwita kwa jina, sauti haikutoka. Alimtazama mpaka usingizi ukamchukua. Hayo yote, alisema, yalimrudia kidogo kidogo, na kwa siku nyingi sasa alikuwa akiniuliza dada yuko wapi ili asikie nitasema nini, kwa sababu nikisema Migori aliweza kudhani ni ndoto.

"Mimi ni mama yake," alisema. "Hatua tatu tu. Mama gani anamtazama mtoto wake hivyo akalala?"

Nimefundisha kemia miaka mingi. Nimeifundisha kwa watoto wanaotaka alama, na kwa wanaotaka kengele ilie. Siku ile nilihamisha kiti changu nikakaa mbele ya mama, nikamweleza kwa Kidholuo, lugha ambayo sikuwahi kuifundishia, na mara nyingi sikuwa na neno, ikabidi nizunguke. Nilimwambia damu ni kama akina mama wanaobeba maji kutoka ziwani, wanapeleka kila nyumba. Misuli ya miguu inasubiri, moyo unasubiri, kichwa kinasubiri. Nilimwambia makaa yale yalikula hewa ya chumba, na hewa ilipopungua yakatoa kitu kingine, na kitu hicho kikajaza ndoo zote. Akina mama bado wanatembea, bado wanafika kila nyumba, lakini ndoo hazina maji. Nilimwambia miguu ndiyo hutangulia kuishiwa. Mtu anaweza kuona mlango, akaujua, akautaka kwa moyo wote, na asiweze kuinua goti.

"Hata kijana mwenye nguvu?" aliuliza.

"Hata kijana mwenye nguvu. Dada alikuwa amesimama, ana nguvu kukushinda, na alianguka kabla yako."

"Kwa hivyo si kwamba nilimwacha."

"Hukumwacha, mama. Ulikuwa huna hewa."

Alifunika uso kwa leso. Alilia kwa muda mrefu, na kilio hicho hakikuwa kama vile vya asubuhi zile. Hakikusahauliwa. Kesho yake aliamka nacho, nami pia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi tukamwombolezea dada pamoja, watu wawili wanaojua jambo moja. Niligundua nilikuwa nimemhitaji kwa ajili hiyo. Niligundua pia kwamba yule dada wa Migori mwenye oda za mapazia ameondoka sasa, na nilimlilia naye.

Mama alirudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka huu. Alisema amechoka kuangalia ziwa la Homa Bay wakati ziwa lake lipo. Anatembea kwa fimbo. Mambo mengine hayakurudi. Akihesabu chenji anampa mtu mwingine amhesabie, na wakati mwingine anaacha sentensi katikati na hairudii. Mimi huenda mwisho wa mwezi.

Sabato moja nikiwa huko, ilipofika sehemu ya ushuhuda, mama aliinuka. Hakuwa ameniambia. Alishika kiti cha mbele, akasema anataka kuongea na wanawake. Alisema mvua ikinyesha msiingize jiko ndani. Alisema mnadhani yakiwa mekundu yameisha ubaya, hapana, ni wakati huo. Alisema hewa ya chumba inaisha kama maji kwenye mtungi na hutasikia ikiisha. Kisha akatafuta neno, akakosa, akasimama kinywa wazi, na kanisa zima likamsubiri. Nilitaka kuinuka. Alinyoosha mkono kwangu bila kugeuka, kunizuia.

"Fungueni mlango," alisema hatimaye. "Hata mvua ikiingia. Mvua hukauka."

Aliketi. Nikamshika mkono. Wimbo ulipoanza aliniinamia sikioni.

"Nimesema vizuri?"

"Umesema vizuri, mama."

"Basi nimechoka sasa," alisema. "Wakimaliza kuimba, unipeleke nyumbani."